Ombi Nililolisema kwa Sauti

Kundi letu la Wasabato hapa kisiwani Faza ni dogo. Sabato tukitimia wote tunakuwa watu wazima watano na wajukuu wangu wawili, katika darasa ambalo mwalimu mkuu, Bwana Gharib, hutuachia ufunguo wake tangu Ijumaa adhuhuri. Yeye ni Mwislamu, na hajawahi kutuuliza tunafanya nini humo. Kabla ya kutuachia hufuta ubao mwenyewe.

Mimi nilitoka Nandi kuja kumlelea mwanangu Hillary watoto, kwa sababu mama yao anafanya kazi mbali. Hillary ni karani ofisi ya serikali. Bramwel, askari polisi, ndiye mzee wetu wa kanisa. Jabez ni mwalimu, na Bochaberi ni mwalimu pia, wa darasa la pili, shule moja na Jabez. Zamani alikuwepo Wairimu, muuguzi, akahamishwa mwezi wa kwanza. Tangu hapo wanawake tumebaki wawili, mimi na Bochaberi.

Siku moja ya mwezi wa pili Bochaberi alipita jikoni kwangu baada ya shule. Nilikuwa nakuna nazi. Aliniondoa kwenye mbuzi, akakaa yeye, kwa kuwa anaujua mgongo wangu. Akiwa anakuna aliniambia kwamba mumewe huko Nyamira ameingiza mwanamke mwingine nyumbani, na mwanamke huyo anapikia sufuria zake yeye Bochaberi. Hakulia. Alimaliza nazi ya pili, akasema, "Sijamwambia mtu, Mama."

"Imefika kwangu, imekaa," nilimjibu.

Sabato iliyofuata Bramwel aliuliza nani ana hitaji la kuombewa. Moyo ulikuwa umenijaa. Nikasimama, nikasema tumwombee dada mmoja ambaye mumewe ameleta mwanamke mwingine nyumbani. Jina sikulitaja. Nilidhani hiyo inatosha. Lakini wanawake tulikuwa wawili, na mimi ni mjane.

Niliomba muda mrefu, kwa sauti. Nilipofumbua macho Bochaberi alikuwa ameinama, anafunga ukanda wa kiatu ambao ulikuwa umefungwa tayari.

Jumatatu, Jabez, ambaye ni kijana mwema, alimwambia katika chumba cha walimu, "Mwalimu, usivunjike moyo, tunaiombea ndoa yako." Walimu wenzao walikuwa wamekaa wanakunywa chai. Kufika alasiri, mama anayeuza mahamri nje ya shule alimtilia mawili zaidi, asiseme ni ya nini.

Bochaberi hakuja Sabato iliyofuata, wala tatu zilizofuata hiyo. Hakunigombeza. Tukikutana alisema, "Shikamoo, Mama," akapita. Nilitamani anigombeze.

Ndipo habari ikaja kwamba mchungaji atavuka kutoka Lamu kutuletea Meza ya Bwana. Kwetu sisi, kabla ya mkate na kikombe, watu huoshana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Kule nyumbani wanawake tulikuwa zaidi ya hamsini. Ukiwa umekosana na mmoja unamtafuta mwingine. Mimi nilifanya hivyo miaka sita na mke wa shemeji yangu, kila mmoja na beseni lake pembe yake ya kanisa, na hakuna aliyetambua. Hapa Faza hakuna wa kumtafuta.

"Usihangaike, Mama Hillary," Bramwel aliniambia. "Mwalimu Bochaberi asipokuja, Hillary atakuosha. Mtu na mama yake, hakuna neno."

"Nimeosha masufuria yako mangapi, Mama?" Hillary akasema. "Miguu miwili itanishinda?"

"Masufuria uliyaacha na masizi," nilimwambia, na tukacheka wote, nikakubali.

Lakini wakati wa kuosha vyombo niliwaza tena. Niliona kwamba nitakuwa nimefanya tena jambo lile la miaka sita.

Ijumaa alasiri nilikwenda kwa Bochaberi. Amepanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Swafiya. Bi Swafiya alikuwa barazani anachagua mchele.

"Nimekuona ndiani tangu kule msikitini," alisema. "Wenda polepole kama bibi harusi. Kuna nini?"

Nilimweleza kwamba kesho tunaoshana miguu, na kwamba nimemkosea mpangaji wake.

"Mwaosha miguu mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara nne."

"Sisi mara tano kwa siku, na bado twagombana." Alirudi kwenye mchele wake. "Ukishuka nikumbushe nikupe mayi ya mvua. Ya kisima yana chumvi, yatawasha ngozi, na wewe u mtu mzima."

Juu, Bochaberi alikuwa anasahihisha madaftari. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi, Mama?"

"Kwa kukuombea."

"Uliomba vizuri," alisema. "Hata walio kijiji cha Chundwa walisikia."

"Nilikuwa na nia njema."

"Najua. Ndiyo maana sijui nikugombeze vipi." Alifungua daftari jingine, akaweka alama mbili tatu. "Ningekuwa kwetu ningehamia benchi la nyuma. Hapa benchi ni moja. Nikienda kanisani nakukuta. Nikienda kununua samaki nakukuta. Nikikaa humu, Bi Swafiya ananipa pole."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Langu ulilisema mbele ya watu. Lako umekuja kulisema chumbani kwangu, mlango umefungwa."

Nililielewa neno hilo. Niliaga. Ngazi za nyumba ile zina giza hata mchana, na magoti yangu ni mabovu. Alishuka mbele yangu daraja moja moja, mkono ameunyoosha nyuma nisianguke. Tulipofika chini aliuondoa.

Sabato mchungaji alikuja. Anaitwa Wanyama, mtu mpole, suruali imelowa mpaka magotini kwa kushuka majini. Alihubiri kwa ufupi. Bochaberi hakuwepo. Mchungaji alipotaka tugawanyike kwenda kuoshana, nikasimama.

"Nina neno," nilisema. "Dada yetu aliniwekea siri. Mimi niliitoa hapa mbele yenu, nikaiita maombi. Ningeweza kumwombea nyumbani, na Mungu angesikia. Nilitaka na ninyi msikie. Nimemkosea yeye, nimewakosea na ninyi, maana sasa nani atamwambia mwenzake neno humu?"

"Mama, sote tunajua ilikuwa kwa upendo," Bramwel alisema.

"Upendo ungenyamaza, Mzee."

Jabez aliinamisha kichwa. "Na mimi ndiye niliyeipeleka shuleni," alisema.

Hillary akainuka na beseni akinitazama. Nikamwambia, "Nenda na wanaume, baba. Mimi nitangoja."

"Na asipokuja?" mchungaji aliuliza.

"Basi leo nitatazama tu wenzangu wakila."

Wakaenda darasa la jirani. Nilibaki na wajukuu, beseni, taulo na lile dumu la maji ya mvua la Bi Swafiya. Nilisikia wanaume wanaimba upande wa pili, Bramwel akipotea sauti kama kawaida yake. Waliimba wimbo wote, wakaanza mwingine.

Kisha mlango ukasukumwa, Bochaberi akaingia. Alikuwa amesimama nje ya dirisha, sijui tangu lini. Aliwaambia watoto watoke wakacheze kidogo, akaketi, akavua viatu.

Nilianza kupiga magoti. Akasema, "Ngoja," akaenda kuleta kiti kifupi cha watoto wadogo, akanisogezea nikae. Nikamwosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

"Barua ya kuomba uhamisho niliipeleka Jumatano," alisema.

"Nimesikia."

"Sitaiondoa."

"Usiiondoe, kama ndivyo."

Zamu yake ilipofika alipiga magoti sakafuni. Aliniosha bila haraka, akanikausha mpaka katikati ya vidole, mahali ambapo mimi mwenyewe siku hizi sifiki. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa natazama mistari ya nywele zake alivyosuka.

Baada ya kuoshana, wawili huomba pamoja. Alikunja taulo.

"Omba wewe," alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Ila wanaume wako chumba cha pili."

Niliomba kwa kunong'ona, mdomo wangu karibu na sikio lake. Habari za mumewe nimeziandika hapa kwa ruhusa yake. Niliyomwambia Mungu siku ile hayamo.

Tulipoingia kwenye Meza, aliketi benchi langu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Sikuisogelea.