Meza ya Nne, Kilo Nane Nane

Dokta Evarist, msimamizi wa utafiti wangu, si mtu wa salamu ndefu. Siku hiyo hakutoa hata fupi.

"Nelly," alisema kwenye simu, "takwimu zako za meza ya nne zimepikwa. Ama umezipika wewe, ama umepikiwa ukala bila kuuliza."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha vocha mjini Ruangwa, na nilimjibu kwa sauti iliyomfanya muuzaji achungulie dirishani. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mama yangu Bertha husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Miezi mitatu nilikuwa nimeshinda kwenye kiwanda cha korosho nikinakili kwa mkono wangu kilo za kila mfanyakazi, siku hadi siku, halafu mtu aliyekaa Dodoma kwenye kiyoyozi ananiambia nimepika!

Nikarudi chumbani, nikafungua kompyuta ili nimtafutie jibu la kumnyamazisha. Nikanyamaza mimi.

Kiwandani palikuwa na meza tano za kumenya, kila meza wanawake wanane. Korosho zikishabanguliwa na kukaushwa, wao huzitoa ile ngozi nyembamba ya ndani kwa visu vidogo. Ukutani meneja Kornel alikuwa amebandika tangazo: kila mtu kilo nane kwa siku, na atakayeshindwa mara tatu kwa mwezi arudi nyumbani. Tasnifu yangu ya shahada ya uzamili ilisimama juu ya tangazo hilo. Nilitaka kuthibitisha kwamba kumpa kila mfanyakazi lengo lake binafsi kunaongeza utendaji. Meza nyingine zilikuwa na kilo sita, tisa, kumi na moja, saba, kama binadamu walivyo. Meza ya nne ilikuwa nane. Watu wanane, siku sitini na tano, nane tupu. Hapakuwa na siku ya homa wala siku ya usingizi.

"Futa hiyo meza," Dokta alisema nilipompigia tena, safari hii kwa adabu. "Zilizobaki zinakupa jibu ulilolitaka, unatetea tasnifu yako mwezi wa tisa. Ukitaka kuchimba, basi ni mwakani."

Mwakani kwangu haikuwepo. Likizo ya masomo niliyopewa kazini ilikuwa inaisha mwezi huohuo wa tisa, na nilishaambiwa hakuna ya pili. Kufuta kulikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Lakini mimi mtu akinifanya mjinga, lazima nimjue kwanza. Asubuhi nikaenda kwa Kornel, nikamwomba aproni na kisu, nikakaa meza ya nne.

Walinipokea kwa kicheko. Mkubwa wao, Bi Mwamina, mama wa Kimwera kutoka Ruponda, alinitazama nikivunja korosho ya tano mfululizo, akatikisa kichwa.

"We Msukuma, hii haichungwi kwa fimbo. Ibembeleze."

"Mwacheni," akasema Getruda, msichana mwenye vidole vyepesi kuliko wote pale. "Kwao wanakamua, hawamenyi. Sista, usiikamue bana!"

Meza nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Wazazi wangu wanaishi Kiegei, walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Bariadi, kwa hiyo utani wa ng'ombe nimeusikia mwingi. Mwingine una miba ndani. Huu haukuwa nayo.

Nilimenya mpaka shingo ikakakamaa. Kufikia saa tisa alasiri beseni langu lilikuwa na kitu kama kilo mbili, nusu yake zimevunjika. Hapo nikaona jambo la ajabu: Getruda aliweka kisu chini. Alikuwa na korosho tele mbele yake, na saa nzima ilikuwa imebaki, lakini alijinyoosha na kuanza kuchezea kucha. Wengine nao wakaanza kuacha, mmoja mmoja.

"Haya," Bi Mwamina akasema taratibu. "Tusawazishe."

Mabeseni yakaanza kutembea chini ya meza. Getruda akamwagia kwenye la Mwanne, mwanamke mkimya wa Marambo ambaye kidole chake cha shahada hakikunjiki tena tangu kiungue kwa mafuta ya maganda ya korosho. Wengine wakamimina huku na huku, bila kupima kwa chochote isipokuwa macho. Kisha Bi Mwamina akavuta beseni langu. Nilipolipokea lilikuwa zito.

Dickson, mpimaji, akaita majina. Mwamina, nane. Getruda, nane. Mwanne, nane.

"Nelly," akasema, akakodolea mzani macho, kisha akanitazama mimi. "Nane."

Nikawa takwimu iliyopikwa.

Tulipotoka nje nilimshika Bi Mwamina mkono nikamtaka anieleze. Hakuzunguka. Lilipobandikwa lile tangazo, Mwanne alikuwa wa kwanza kushindwa mara mbili. Wakakubaliana kwamba hataondoka. "Leo kidole cha Mwanne, kesho mwanangu mgonjwa, keshokutwa Getruda hajalala," alisema. "Kwetu tunalima hivyohivyo. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nani anaulizwa amepiga majembe mangapi?"

"Na Getruda mbona anaacha kazi saa tisa?"

"Anaweza kumi na nne yule. Siku bosi akiiona kumi na nne, ataitaka kwa kila mtu. Kwa hiyo tukifika nane nane, tunapumzika."

Nilisimama pale barabarani kama niliyepigwa kofi. Kumbe lile tangazo, nililokuwa nalisifia kurasa tisini, halikuwa linawasukuma. Lilikuwa linawafunga. Meza yenye mikono bora kuliko zote ilikuwa inajizuia kila siku ili mwenzao mmoja asifukuzwe. Huo ndio ulikuwa utafiti wenyewe, na nilikuwa nimeambiwa niufute.

Lakini kibali changu cha utafiti kilitaka nakala ya tasnifu ifike kwa meneja. Nikiandika nilichokiona, nawafukuzisha wanane. Asubuhi nikamwambia Bi Mwamina kwamba asiwe na wasiwasi, nitaiondoa meza ya nne kwenye tasnifu, hakuna atakayejua.

Nilidhani atanishukuru. Akaweka kisu mezani.

"Utatufuta?"

"Kwa usalama wenu, Bi Mwamina."

"Miezi mitatu umekaa hapa unatuhesabu. Unatuuliza maswali ya karatasi, umri, watoto, shule, tunaridhika haturidhiki. Tumekujibu. Leo tumefanya jambo la maana ndio utufute?" Sauti yake ilipanda hadi meza ya tatu wakageuka. "Mwanangu, tuandike!"

"Atawafukuza."

"Basi atufukuze kikijulikana tulichofanya. Mimi nimechoka kuficha kazi nzuri kama mwizi."

Mwanne, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, akasimama wa kwanza. Wengine wakafuata. Tukaingia ofisini kwa Kornel tisa kwa pamoja, na aproni zetu.

Kornel si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni mtu wa karatasi. Alisikiliza, uso ukabadilika rangi, akapiga meza. "Miezi yote hiyo mnanidanganya kwenye mzani wangu!"

Hapo ngumi zangu za kuzaliwa nazo zikajikunja. Nikamwambia awafukuze akitaka, lakini kabla ya hapo anipe siku moja. Siku moja meza ya nne ipimwe kama mtu mmoja, na aahidi mbele ya wote kwamba hakuna atakayetolewa wala lengo kupandishwa.

"Wanatoa kilo sitini na nne kwa siku," nikasema. "Kesho wasipofika themanini, nafuta tasnifu yangu yote, si meza hii tu. Narudi Kiegei kuchunga."

Mdomo ulisema kabla ya kichwa. Kornel akavuta kalamu, akaiandika ile themanini.

"Na themanini zisizovunjikavunjika," akasema. "Kesho. Wakifika, nimeahidi. Wasipofika, na wao wanaondoka."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Sikuruhusiwa kugusa kisu, nikasimama pembeni na daftari langu. Walianza bila haraka. Kitu cha kwanza walichofanya ni kumtoa Mwanne kwenye kumenya. Hawakuwa na haja tena ya kuonyesha kwamba anaweza kisichowezekana kwa kidole kile. Akawa ananoa visu, anawaletea korosho, anatenga nzima na zilizovunjika kwa jicho kali ajabu. "Getruda, unakata sana," alisema. "Bi Mwamina, badilisha kisu, hicho kimekufa." Mwanne huyohuyo! Wenzake wakamwita bosi, na yeye akawaamuru kweli.

Utani haukukatika. Walimsema Getruda na mchumba wake wa Nachingwea asiyejibu meseji, wakanisema mimi na daftari langu. Meza nyingine zikaanza kuinua shingo kutazama. Saa tisa ikafika. Getruda akainua kichwa, akaiangalia saa ya ukutani.

Akavuta korosho nyingine.

Saa kumi Dickson akaleta mzani mkubwa. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama. Beseni la kwanza likapanda, la pili, la tatu. Dickson alikuwa anajumlisha kwa kalamu kiganjani. Sitini na nne ilipita na mabeseni mawili bado. Likapanda moja: sabini na tano. Likapanda la mwisho, na Dickson akarudia kusoma mara mbili.

"Themanini na sita," akasema. "Na hizi ni nzima tupu."

Sijui nani alianza vigelegele. Najua mimi nilipiga vya kwangu vibaya, nikilia, daftari limeanguka. Bi Mwamina alikuwa amemkumbatia Mwanne, anamtikisa kama anayekung'uta mkeka. Kornel aliinama akaangalia mabeseni, akachukua korosho moja nzima, akaigeuzageuza.

"Nani kamenya ngapi hapa?" akauliza.

"Meza ya nne," Bi Mwamina akajibu.

Kornel akaenda ukutani akabandua tangazo lake mwenyewe, akalikunja vizuri, maana ni mtu wa karatasi, akalitia mfukoni. Kufikia Jumatatu kila meza kati ya zile tano ilikuwa inapimwa kama mtu mmoja, na hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Nikaandika upya sura mbili kwa siku kumi na nane. Sikumbuki nilikula nini. Mwezi wa tisa nikasimama Dodoma mbele ya watahini watatu, na mmoja wao, profesa mwenye miwani puani, akafunua ukurasa wa mwisho.

"Kwa hiyo nadharia tete uliyokuja kuithibitisha, umeiangusha mwenyewe?"

"Ndiyo, Profesa," nikasema. "Nilikosea. Na nina takwimu za kuonyesha nilivyokosea."

Dokta Evarist, aliyeniambia nimepika, alicheka kwa sauti pale alipokaa. Walinitoa nje dakika ishirini. Waliponiita tena, walikuwa wamesimama kunipa mkono.

Nilipiga simu kiwandani nikiwa bado kwenye ngazi. Dickson akaiweka kwa spika mezani, nikasikia visu vikitua.

"Mwanangu," sauti ya Bi Mwamina ikasema, "tumefaulu?"

Nilitaka kumwambia matokeo vizuri, na alama, na jina la shahada. Nikayaacha.

"Tumefaulu, Bi Mwamina," nikasema. "Wote tisa."