Mpimaji Asiyepimika

Miaka saba nilipima akili za watu hapa Élisabethville, mdomo nimefunga. Wafanyakazi wapya wa mgodi walitoka kila upande, kila mtu na lugha yake, basi niliwaonyesha kwa mikono tu: panga mbao hivi, pinda waya vile. Aliyefaulu alipewa mashine, aliyeshindwa akapewa beleshi.

Lakini mimi, Gérard Mwape, mtu wa Kasenga, sikutazama mbao peke yake. Nilijua nani anatetemeka kwa njaa na nani kwa woga, nikaandika pembeni ya karatasi. Docteur, Mzungu mkubwa wa ofisi yetu ya saikolojia, alizipenda sana habari zile. Mwaka wa 1956 akatafuta msaidizi, mtu wa kukaa na wafanyakazi na kusikiliza shida zao. Yo! Kazi ile niliitaka kwa moyo wote. Mke wangu, jina lake Mujinga, alishawatangazia majirani.

"Shida iko moja, Gérard," Docteur akasema. "Kila muntu anapanda cheo kwa mtihani. Na weye unajua mitihani yetu yote kwa kichwa. Pointi zako hazitakuwa na maana."

"Basi munipe mtihani ya Bazungu, Bwana Docteur. Ile sijaiona hata siku moja."

Akatabasamu, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. "Ile haiko yenu."

Kumbe kazi niliyoifanya vizuri ndiyo iliyonifungia njia! Nilitoka mle ofisini nimekasirika hadi masikio yanawaka.

Jumatatu akaletwa Émile, karani kijana kutoka Kasai, kupimwa kwa nafasi ileile. Ningeweza kumharibia. Ningeonyesha harakaharaka, mara moja, nani angejua? Shetani alinishawishi, sikatai. Lakini mikono yake ilitetemeka, na nilijua ni woga, si ujinga. Nikamwonyesha polepole, mara mbili, kama nilivyomwonyesha kila mtu.

Alifaulu sana. Nikaandika pointi zake, nikatia sahihi.

"Aksanti, yaya," akasema, akiniita kaka mkubwa, jasho linamtoka. "Na weye, ulipata pointi ngapi?"

"Mimi habajanipima."

Akanitazama kwa huruma. Alidhani ninaficha aibu ya kushindwa. Akanishika bega, maskini, kwa moyo mwema kabisa.

"Usihuzunike, yaya. Siku ingine utafaulu."

Alipotoka nilifunga mlango, nikalia.