Tiketi ya Mama Jeremia

Mwaliko ulipoingia kwenye simu yangu nilipiga kelele hadi kunguru waliokuwa wakidokoa dagaa wetu wakaruka. Kikundi chetu cha wanawake wakausha dagaa pale ufukweni Kibirizi kilitakiwa kupeleka watu wawili Quito, mji mkuu wa Ekuador, kwenye mkutano wa wavuvi wadogo. Nauli juu ya waandaaji, malazi juu yao! Tuliochaguliwa ni mimi Dainess, katibu, na mwenyekiti wetu Mama Jeremia wa Buzebazeba, mwenye miaka sitini na moja na miguu isiyojua kuchoka.

Wiki ile hakuna aliyefanya kazi ya maana. Nilisoma kwamba mji ule wa kale uko mlimani, zaidi ya mita elfu mbili na mia nane juu ya usawa wa bahari, una makanisa yenye dhahabu hadi darini, na mgeni hupungukiwa pumzi. Mama Jeremia akaamua tufanye mazoezi. Kila asubuhi tukapanda kilima na ndoo za dagaa kichwani, mimi nahema, yeye anapiga soga. Mzigo wake ulikuwa tayari: masweta, dagaa kilo tano na chupa ya mawese.

"Mama, hivyo vyote vya nini?"

"Kwa hiyo niende kwa watu mikono mitupu? Unataka wanisemeje?"

Aliyetutia mchanga kwenye kitumbua ni Jeremia mwenyewe, mwanawe wa kwanza, mwalimu kule Tabora. Alipiga simu akasema mama yake haendi popote, hewa ya mlimani itamuua. Mama hakubishana naye, lakini kesho yake kilimani alipanda nyuma yangu kwa mara ya kwanza. Nilimchukia yule mwalimu kwa moyo wangu wote.

Kisha tiketi zikaja. Yangu ilikuwa safi. Ya kwake ilisema: jina la kwanza Mama, jina la ukoo Jeremia.

Fomu za safari nilijaza mimi. Miaka tisa nimemwandika hivyo kwenye daftari la mahudhurio, na wala haikunijia kwamba mwanamke huyu alizaliwa na jina lake. Mama akatoa pasipoti aliyoichukua uhamiaji juzi yake, nikasoma: Veneranda Ntahondi.

"Huyu nani?" niliuliza kama zuzu.

"Mimi."

Nusura nilie. Nilimpigia mratibu wa safari, kijana aliyeko Dar es Salaam. Akasema kosa linarekebishika, ila ni leo hii, na anataka kumsikia msafiri mwenyewe akitaja jina lake. Nikampa mama simu.

"Veneranda," alisema kwa sauti ndogo. Kijana akamwomba arudie. "Veneranda Ntahondi!" Safari hii hata waliokuwa mitumbwini waligeuka.

Aliporudisha simu alikuwa anacheka huku anafuta machozi. "Tangu mama yangu afariki, hakuna aliyeniita hivyo."

Ikawa sherehe. Siku nzima wanawake walimwita Veneranda kutoka kila kichanja cha kuanikia, naye akaitika "Abee!" kwa madaha ya msichana. Hata Mzee Gasper muuza chumvi alijaribu, akaona haya, akakimbia.

Tiketi mpya ilifika kesho yake. Mchana Jeremia akapiga tena, na kwa kuwa mikono ya mama ilijaa dagaa, nikaweka sauti ya nje.

"Mama, nilishasema. Hiyo tiketi irudishwe."

"Imesharudi, mwanangu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Ya Mama Jeremia imefutwa. Anayesafiri ni Veneranda."

Wanawake wote walikuwa wameacha kugeuza dagaa.

"Shikamoo, Veneranda," Jeremia alisema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu."