Sehemu ya Tano Imechomwa

Kitabu kiliingia wodini kikiwa kizima, ndani ya mkoba wa binti yangu, na siku ya tatu kilikuwa vipande vitano. Waliokipasua walitumia akili. Walikata mgongo wake kwa wembe, wakafunga kila kipande kwa ukanda wa bandeji, wakaandika namba juu kwa kalamu nyekundu. Wodi ya wanawake ina vitanda kumi na viwili, na hakuna anayelazwa humu ili amalize kusoma. Akipona anaondoka. Ukingoja mtu mmoja amalize kurasa mia tatu na hamsini, wenzake watarudi nyumbani na kiu yao. Kwa hiyo kila mmoja alisoma kipande chake, akampa wa kitanda kinachofuata.

Msimamizi wa mpango huo alikuwa mwanamke wa kitanda cha nne, mwenye mguu ndani ya plasta, aliyekaa wodini muda mrefu kuliko wote. Walimwita Mwenyekiti. Alijua kipande gani kiko wapi kuliko manesi wanavyojua dawa gani iko wapi.

Kazi yangu mimi ni kuzuia vitu visihame kitanda hadi kitanda. Mimi ni muuguzi msimamizi wa kuzuia maambukizi. Naangalia mikono, ndoo, mashuka na mabomba, na kama daktari bingwa hajanawa namwambia hajanawa. Wagonjwa wananiita Mama Sabuni, wakidhani sijui. Sasa hebu fikiria: kitabu chenyewe kinasimulia homa inayoua watu hospitalini, inaruka kitanda hadi kitanda hakuna anayejua inapitia wapi, na chenyewe kinaruka kitanda hadi kitanda mbele ya macho yangu. Na anayekipokea kwa mikono miwili pale kitanda cha saba ni mama yangu mzazi.

Mama ni fundi cherehani mstaafu. Alikuwa na mawe kwenye kibofu cha nyongo. Yalikuwa yamemwangusha chini mara mbili mwaka huu, mara ya pili akiwa jikoni kwangu, na daktari wa upasuaji alisema ya tatu tusiingoje. Alipangiwa upasuaji Alhamisi.

"Mama," nilimwambia Jumatatu, "umelazwa hospitalini, na unasoma watu wanavyokufa hospitalini. Huoni ajabu?"

"Ulitaka nisome nini? Mapishi? Nimekatazwa mafuta."

"Mjukuu wako ndiye anayekuharibu."

"Mke mwenzangu ana akili. Wewe ndiye ulizaliwa umekunja uso."

Mwenyekiti akadakia kutoka kitandani kwake. "Sista, sikia. Sisi humu tunaumwa polepole, na ukimuuliza mtu kwa nini, anakwambia tungoje vipimo. Kule kitabuni ugonjwa una mlango ulioingilia. Na kuna mtu anautafuta mlango huo usiku na mchana. Raha iko hapo."

"Yule nesi," Mama akasema.

"Yule nesi! Anahesabu kila kitu. Nani alikula nini, nani alishika nini, nani alipita wapi. Mkali kama pilipili. Hacheki." Mwenyekiti akaniangalia, akamwangalia Mama, wakacheka wote wawili hadi Mama akashika ubavu.

Nikawaambia homa kama hiyo iko vitabuni tu, nikaenda kukagua sinki.

Jumatano asubuhi jeraha la Mama Pacha wa kitanda cha kumi na moja lilitoa usaha. Alikuwa amejifungua mapacha kwa upasuaji wiki mbili kabla, akarudishwa kwetu na homa. Tukamhamishia chumba cha peke yake, na utaratibu unajulikana: kitanda kinasafishwa kwa dawa, na chochote chake kisichofulika na kisichopangusika kinakwenda mfuko mwekundu. Utaratibu huo niliuandika mimi. Chini ya godoro lake nilikuta sehemu ya tano, na bandeji yake. Karatasi haifuliki. Niliitia kwenye mfuko huo, nikafunga fundo, mfuko ukaenda kwenye tanuri la kuchomea taka. Sikusita hata kidogo, na hata leo ningefanya vivyo hivyo.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilimkuta Mama amekaa kitandani, amevaa gauni la upasuaji lililofungwa nyuma, mikono imekunjwa kifuani. Sehemu ya nne ilikuwa pembeni yake, imemalizika. Daktari wa upasuaji alisimama miguuni pa kitanda, karatasi ya ridhaa mkononi.

"Hataki kutia sahihi," akaniambia.

"Sijasema sitaki," Mama akasema. "Nimesema bado."

"Bado nini?"

"Wewe ndiye utueleze. Mwenyekiti anasema sehemu ya tano umeichoma."

Vitanda kumi vikaniangalia.

"Ilikuwa na vijidudu."

"Ilikuwa na mwisho!" Mwenyekiti akasema.

Daktari alitabasamu kama mtu anayebembeleza mtoto. "Mama yangu, usijali. Hili ni jambo dogo kabisa. Unalala, unaamka, kwisha."

"Jambo dogo gani linalotaka watu sita na taa kubwa vile?" Mama akamuuliza. Daktari akacheka. Mama hakucheka.

Daktari akanivuta kando, karibu na kabati la mashuka. Orodha ya leo anaifunga saa nne na nusu, akasema. Kama Mama hajatia sahihi, nafasi yake anapewa mwingine, na inayofuata ni baada ya wiki tatu. "Na wewe unajua," akaongeza, "wiki tatu na mawe yale si wiki tatu za kuchezea."

Nilijua. Nilikuwa nimemwona sakafuni kwangu.

Nikarudi kitandani. "Mama, acha mchezo. Tia sahihi."

"Nataka kujua yule nesi alipona au alikufa. Sehemu ya nne imeishia anakohoa."

"Ni kitabu! Si mtu!"

"Basi kama si mtu, kuna shida gani kuniambia?"

Hapo ndipo alipogoma, na namjua mama yangu. Aliwahi kufumua gauni la harusi saa mbili kabla ya harusi kwa sababu pindo lilipinda. Ukimsukuma, anakaa. Nikampigia simu binti yangu chuoni.

"Sijui mwisho, Mama. Bibi anasoma kwanza, halafu mimi. Ndiyo sheria yetu."

"Sheria ya nani?"

"Yake. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Soma masomo yako," nikamwambia, nikakata simu.

Mtu mmoja tu ndani ya jengo lile alikuwa amesoma sehemu ya tano. Nikavaa gauni, glovu na barakoa, nikaingia chumba cha Mama Pacha saa tatu na nusu.

Alidhani nimekuja na sindano. Nilipomwambia shida yangu, macho yake yaliwaka kama taa iliyopata umeme.

"Kaa, sista."

"Siwezi kukaa. Niambie, yule nesi alikufa au alipona?"

"Haa! Huanzii hapo. Ukianzia hapo hutaelewa."

"Sihitaji kuelewa."

"Basi siwezi kukusimulia." Akajiweka sawa kwenye mto. "Unakumbuka yule mganga mkuu mwenye gari jeupe?"

"Sijakisoma hicho kitabu."

"Hujakisoma, na umekichoma?" Alinitazama muda mrefu. "Haya. Tuanze mwanzo."

Nilitoa daftari langu dogo. Kama ni lazima, basi niandike kama ninavyoandika historia ya mgonjwa. Akaanza. Alisimulia kwa mikono, kwa sauti tatu tofauti, akarudi nyuma, akasahau, akajisahihisha. Nilipotazama saa alikasirika. Baada ya dakika ishirini nikaelewa kwamba harefushi kwa ubaya. Mapacha wake walikuwa nyumbani kwa dada yake, mlango wake ulikuwa umefungwa tangu jana, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuingia bila kumfunua bandeji. Nikavuta kiti, nikakaa.

Na sasa niseme ukweli: nikanasa. Yule nesi alikuwa amepima maji, chakula, magodoro, asipate kitu. Halafu akaanza kuhesabu waliopona, akakuta hakuna hata mmoja aliyewahi kuguswa na daktari yeyote mkubwa. Akawafuata madaktari wakubwa kimyakimya. Wote walikunywa chai katika chumba kimoja, chenye bomba moja bovu lililopita ndani ya ukuta wenye unyevu. Wote walinawia hapo, wakatoka na mikono safi kwa macho, wakaenda kugusa wagonjwa.

"Bomba!" nikasema. "Nilijua! Si nilijua? Kwetu hapa niliwaambia kuhusu bomba la—"

"Sista, ni wewe unasimulia au ni mimi?"

"Endelea."

"Akaandika orodha ya wote walioambukizwa, akaipeleka kwa mganga mkuu. Mganga mkuu akasoma hadi chini. Jina la mwisho lilikuwa la nesi mwenyewe, kwa mwandiko wake. Alikuwa na homa siku mbili, akaficha, ili wasimtoe kazini kabla hajamaliza kuhesabu." Mama Pacha akavuta shuka hadi kifuani. "Hakufika asubuhi, sista."

Saa nne na dakika tano. Nilivua glovu na gauni mlangoni, nikanawa, nikanawa tena bila sababu. Mimi huwa siwadanganyi wagonjwa. Nimewaambia watu mambo mazito macho kwa macho. Lakini kutoka chumba kile hadi kitanda cha saba ni hatua kama arobaini, na katika hatua zile nilimsikia Mwenyekiti tena akisema mkali kama pilipili, hacheki, nikakumbuka walivyoniangalia wakicheka. Mama alikuwa amenisoma mimi katika kitabu kile, sura baada ya sura. Ningemwambiaje mwanamke anayekwenda kupasuliwa kwamba mwanawe alikufa ukurasa wa mwisho?

Nikasimama mbele yake.

"Alipona," nikasema.

Wodi ikashusha pumzi. Mama hakushusha. Alinitazama kama anavyotazama mshono.

"Tangu utoto," akasema, "ukisema uongo unasimama wima kama askari."

"Sijasimama wima."

"Magoti yamekaza, mama. Alikufa?"

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, jambo nililowakataza watu wote wa hospitali ile. "Alikufa."

"Looo!" Mwenyekiti akajifunika shuka usoni.

"Nilijua," Mama akasema taratibu. "Mtu haendi nyumbani, halali, hana hata mtu wa kumgombeza. Lazima afe." Kisha akashusha sauti, nikalazimika kusogea. "Sasa niambie la kwangu hivyo hivyo. Kwa magoti yaliyolegea. Yule kijana ananiambia jambo dogo, jambo dogo. Nimeshona miaka arobaini. Mteja nikimwambia ni jambo dogo, ujue nimeharibu kitambaa."

Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa akingoja nini tangu asubuhi.

Nikamwambia. Nilimwambia wanapitishia wapi kamera na vyombo, na kwamba wakishindwa wanapasua mkato mrefu. Nilimwambia kwa umri wake na presha yake kuna hatari ya moyo wakati wa usingizi, hatari ndogo lakini ipo. Nilimwambia jeraha linaweza kuingia vijidudu, kama la Mama Pacha, na kwamba hilo ni la kwangu kulizuia na nitalisimamia. Nilimwambia pia nini kitatokea asipofanyiwa: jiwe likiziba mrija wa nyongo, macho kugeuka manjano, homa, na safari hiyo tutamleta tukikimbia badala ya kutembea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kuhusu maumivu.

"Na wewe unaogopa?"

"Naogopa sana, Mama."

"Haya. Lete hiyo karatasi." Akaipokea, akaisoma yote, mistari midogo pia, kidole kikifuata, daktari akitazama saa ya ukutani. Ikiwa saa nne na dakika ishirini na mbili akatia sahihi. Kisha akamwelekezea daktari kalamu. "Na wewe mwanangu, siku nyingine usiseme jambo dogo. Sema jambo ninalolijua."

Daktari aliona aibu, nikampenda kidogo. "Ni jambo ninalolijua, mama," akasema.

"Hapo sawa."

Walitoa mawe kumi na manne, la mwisho kubwa kama punje ya mahindi. Haikuhitajika mkato mrefu. Nilimwangalia nesi wa chumba cha upasuaji akinawa, akaniambia nimfundishe kazi nyingine, hii anaijua.

Mama alipata fahamu sawasawa saa kumi jioni. Midomo ilikuwa imekauka, sauti kama karatasi. Nikamlowesha ulimi kwa pamba. Nilitarajia aulize mawe mangapi.

"Alikufaje?" akasema.

"Nani?"

"Nesi. Umeniambia amekufa, hujaniambia alikufaje."

"Pumzika kwanza."

"Nitapumzika ukisimulia."

Mwenyekiti alikuwa ameshakaa, mguu wa plasta umening'inia. Wa kitanda cha tano akazima redio. Nikafungua daftari langu, nikatafuta mstari unaosema *mwisho*, halafu nikafikiri, hapana, ukianzia hapo huwezi kuelewa.

"Kulikuwa na mganga mkuu," nikasema, "mwenye gari jeupe."

"Huyo tunamjua," Mwenyekiti akasema. "Ruka."

"Siruki. Nyamaza, la sivyo nakuja kukagua chini ya godoro lako."

Akanyamaza. Mama alikuwa amefumba macho, lakini kidole chake kilikuwa kinagonga shuka polepole, kunihimiza niendelee.