Kifaru cha Kijiti

Tangu simu ya mwanawe, Kijiti, iache kupatikana, fundi saa alikuwa hakaliki. Anaketi, anainuka, anachungulia dirishani, anarudi. Kijana wao alikuwa mwanajeshi, kapelekwa mpakani kwenye mapigano, na kila wakipiga ni ile sauti ya yule dada asiyechoka: haipatikani. Mkewe alisema ni mtandao tu, halafu akaenda jikoni kusugua masufuria yaliyokwisha kung'aa.

Basi asubuhi moja mzee akaona bora atafute cha kushika. Juu ya meza chumbani kwa Kijiti palikuwa na kifaru kidogo cha vita, cha plastiki, cha kuenea kiganjani, ambacho kijana alianza kukiunda likizoni akaondoka hajakimaliza. Vipande vilivyobaki vilikuwa bado kwenye boksi. Jamani, mikono ya fundi ingefanya nini? Alitoa kibano chake cha saa, akabandika magurudumu yaliyosalia, akavisha minyororo, akachomeka mtutu. Kisha rangi ya kijani: anapaka, anapuliza, anapaka tena kabla haijakauka. Alipomaliza, roho ilimtulia kidogo.

"Mama Kijiti! Njoo uone maajabu!"

Mkewe alikuja akijifuta mikono. Alikitazama kifaru, wala hakucheka.

"Nani kakutuma?"

"Nimemsaidia tu. Akirudi akute tayari."

"Akirudi akute tayari, halafu yeye afanye nini? Anayemaliziwa vitu vyake ni marehemu, Baba Kijiti. Mwanangu hajafa!" Akamsukumia kifaru. "Kirudishe kilivyokuwa. Sasa hivi!"

Hofu ambayo fundi alikuwa akiikimbia chumba hadi chumba ilimkamata pale pale kitini. Akachukua wembe, akaanza kubandua: mtutu, minyororo, magurudumu ya nyuma. Gundi ilikwisha kushika, vipande vingine vikavunjika. Mkewe alimsimamia huku akilia waziwazi.

Alipofika gurudumu la katikati, akasita. Akavaa ile lenzi yake ya kutazamia saa, akakigeuza kifaru huku na huku. Rangi ilikuwa imefunika kila kitu, na gundi yake na ya mtoto hazikutofautiana hata chembe.

"Vipi tena?" mkewe akauliza.

"Hili sijui nimeliweka mimi au kaliweka yeye."

Mkewe akaudaka mkono ulioshika wembe, akaung'ang'ania.

"Acha, baba. Acha! Usije ukang'oa lake."