Gari Lilipita Kimya

Kipaza jina lake lilitokana na kazi: alikuwa mtangazaji wa gari la spika. Na sauti alikuwa nayo, we acha tu! Akisema "ndugu wananchi" hata kuku walinyanyua vichwa. Jemedari, mtawala wetu wa kijeshi, alipobanwa mpaka akakubali uchaguzi, ni Kipaza aliyezunguka akiita watu wakapige kura. "Kura yako ndiyo dawa yako!" Maneno aliyatunga mwenyewe, akayapigia kelele mpaka koo likakauka.

Enzi za Jemedari dawa ilikuwa ya wenye bunduki na watu wao. Kwani mtawala asiyechaguliwa amwogope nani, kama si mlinzi wake mwenyewe? Basi mtaa wa kambi ulikuwa na hospitali yenye feni, na friji isiyoishiwa insulini, huku watu wa mabondeni wakipewa vidonge vya maumivu na pole. Dada yake Kipaza, mjane wa sajini, aliishi mtaa huo na ugonjwa wa sukari miaka nenda rudi, sindano zake bure. Dada huyo ndiye aliyemlea Kipaza tangu mama yao alipofariki. Ada ya shule ilitoka kambini. Hata viatu vyake vya kwanza vilikuwa buti za shemeji, zimejazwa magazeti puani. Yaani alimtukana Jemedari akiwa ameshiba chakula cha Jemedari. Shukrani ya punda ni mateke, alijisemea mara nyingi.

Serikali mpya ikahesabu vichwa, na vichwa vingi viko mabondeni. Hospitali ya kambi ikafungwa, fedha zake zikagawiwa zahanati za mitaa yote. Ni haki. Kipaza aliamini hivyo, na hadi leo anaamini.

Ila tangazo alipewa yeye. Lilianza na neno chungu: matibabu ya bure ya wajane wa kambi yamekoma. Kisha likaja la pili: yeyote asiye na uwezo, mjane au asiye mjane, ajiandikishe zahanati kabla ya Ijumaa. Alilisoma mitaa yote kwa madaha. Alipokata kona ya kwa dada yake, mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi, ukazima spika. Aibu, jamani! Atamwambiaje dada yake, kwa spika, kwamba sindano zake ndizo zilizogawiwa? Nitamwambia jioni, akawaza, kwa upole. Jioni akasema kesho. Ijumaa ikapita na maneno yangali kooni.

Wiki iliyofuata dada akampigia simu: chupa yake ya insulini imefika chini, na hospitali ina kufuli. Wakaenda zahanati. Majirani wa mtaa wa kambi walikuwa wamejaa dirishani, wote mikono mitupu.

"Dawa imeletwa kwa idadi ya waliojiandikisha," nesi alisema, amechoka. "Nyinyi hamkuja. Mpaka bajeti nyingine, mtanunua. Tangazo lilipita kila mtaa!"

"Kwetu halikupita," akafoka mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Kisha macho yakamwangukia Kipaza. "Si huyu hapa mtangazaji?"

Dada akasimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama zamani, watoto wakubwa walipotaka kumpiga. "Mwacheni mdogo wangu! Angepita kwetu asingenyamaza. Nyie hammjui? Huyu hata akipiga chafya tunasikia."

Watu wakacheka, hasira zikashuka, wakamgeukia nesi. Kipaza alitazama sakafu. Angeweza kusema pale pale. Hakusema, na kicheko chao kilimuunguza kuliko tusi lolote.

Njiani dada alitembea polepole, amemshika mkono. Walipofika kwenye ile kona akasimama.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa dirishani. Gari likapita, wewe umeinama. Nikasema, maskini, baba wa watu amechoka leo."

"Dada..."

"Sasa niambie. Wengine mliwaambia nini?"

Kipaza akajaribu kuanza katikati, kwenye lile zuri. Dada akatikisa kichwa. "Kama ulivyowasomea wenzetu. Tangu mwanzo."

Basi akasoma, pale barabarani, bila spika. "Ndugu wananchi," akasema, na sauti yote ile ikawa ya mtoto mwenye buti kubwa. Alisema sindano za kambi zimekoma. Alisema sasa ni za wote. Alisema mje na vitambulisho kabla ya Ijumaa, na hapo machozi yakamshinda.

Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo tu?" akauliza. "Kwamba na wengine wapate? Mimi nilikupigia hiyo kura yako, mwanangu. Ningekuja mapema, na mtaa mzima nyuma yangu."

Akauachia mkono wake, akaingia ndani kutazama chupa imebakiza nini.