Takataka za Chumba Namba Nne

Zahanati hufungwa saa kumi jioni, na saa kumi na robo mfagiaji huanza na chumba namba nne, kwa sababu ndicho chenye takataka nyingi. Chini ya meza ya daktari hukuta pamba mbili tatu, kifuniko cha kalamu, na majina ya dawa ambayo wagonjwa waliyataja siku hiyo yasisikike.

Jina lisilosikika huanguka. Huwa dogo kama punje ya mchele, la kijivu, na ukilisogeza sikioni hujitaja mara moja kwa sauti ya mwenyewe. Aliyekuwa akifagia kabla yake ndiye aliyemfundisha, siku ileile aliyomwonyesha pa kuanikia tambara la deki. "Likiwa na joto, mwenyewe yupo. Likipoa, usiulize. Fagia tu." Basi wengine husali kabla ya kazi; yeye hupapasa sakafu.

Siku ya Jumanne alipapasa, akakuta moja la moto. Akalitia sikioni. Lilikuwa la mama yake.

Mama yake, fundi cherehani mstaafu, alikuja asubuhi kwa ajili ya goti. Si mtu wa kubahatisha. Dawa zake tano ameziandika kwenye karatasi ya daftari: jina, kiasi, saa ya kumeza. Alimsomea daktari zote, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nne zilikuwamo kwenye kompyuta, zikasikika. Ya tano, ya kufanya damu iwe nyepesi, alipewa hospitali nyingine, na kompyuta haikuwa na habari nayo. Jina likaanguka.

Mfagiaji alilipeleka dirisha la dawa, ambako mtoa dawa alikuwa akifunga. Mtoa dawa alilisikiliza, akalirudisha upesi.

"Dada, mama nimempa vidonge vya goti, ameze viwili baada ya kula. Hivyo na hii havikai tumbo moja. Damu ikianza kutoka haitajua pa kusimama. Mpigie."

Akapiga.

"Mama, vile vya goti umeshameza?"

"Nangoja chakula kiive. Kwani nawe siku hizi daktari?"

"Usimeze."

"Ala! Aliyesoma mpaka akaota mvi ananiambia meza, wa ufagio ananiambia acha. Nimsikilize nani?"

"Mimi, mama."

"Goti lingekuwa lako, sawa." Akakata simu, na alipopigiwa tena hakupokea.

Daktari alikuwa akivaa koti. Mfagiaji akaliweka jina mezani.

"La mama yangu hili, daktari. Lilikupita."

Daktari alimgeuzia kompyuta ili aone mwenyewe. "Tazama, dada. Humu haimo. Mwambie mwezi ujao aitaje." Akapangusa meza kwa ukingo wa kiganja, jina likarudi sakafuni.

Mfagiaji aliliokota akatoka mbio na gauni lake la kazi. Kwa miguu ni dakika ishirini. Alilibana kiganjani lisipoe, na kila baada ya nguzo chache za umeme alifungua mkono, akaligusa kwa mdomo. Lilikuwa vuguvugu. Hakujua kama joto lile ni la mama au ni la mkono wake mwenyewe, akaogopa kuliachia na akaogopa kuendelea kulishika.

Alimkuta mama mezani, sahani tupu, bilauri ya maji mkono mmoja, vidonge viwili mkono wa pili. Hakusalimu. Aliupiga mkono, vidonge vikaruka.

"Umerukwa na akili?"

"Ndiyo, mama."

Paketi nzima aliitupa chooni. Mama hakusema naye siku nne, jambo ambalo kwa mama lilikuwa ugonjwa mwingine.

Mwezi uliofuata walikwenda pamoja. Daktari akauliza mbona vidonge havikumezwa. Mama akatoa karatasi, akaisoma dawa ya tano mara tatu, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni. Mara tatu ikaanguka. Binti yake, aliyesimama mlangoni, aliona majina yakiviringika hadi kwenye kiatu cha daktari.

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika: mgonjwa hafuati maelekezo. Hayo kompyuta iliyapokea yote, haikudondosha hata herufi. Kisha akamwandikia vidonge vilevile, safari hii vitatu baada ya kula, akamwita anayefuata.